Waya Usiomuuma Bibi Nyanzala

Chwa… chwa… chwa…

Jogoo alikuwa hajawika, na gizani kibuyu kilikuwa kikisukwa. Minza alijua bila kufumbua macho kwamba bibi yake amekaa kwenye kigoda, kibuyu mapajani, anasukasuka maziwa mpaka siagi ijitenge. Sauti ile ikinyamaza, maana yake ni muda wa kuamka, kuchota maji, kufagia uwanja, kisha shule.

Kaya yao ilikuwa pembezoni mwa Mwamkulu, mahali ambapo mashamba ya mpunga yanakwisha na malisho yanaanza. Walihamia huko na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla Minza hajazaliwa. Nyumba zilikuwa tatu: ya baba na mama, ya Bibi Nyanzala aliyemzaa baba, na ya baba mdogo Mwandu, ndugu wa baba kwa mama mwingine. Mwandu alimwita bibi "mama mkubwa", na siku za nyuma alikuwa akimwinamia kila anapomsalimu.

Mwaka huo laini kubwa ya umeme ilipitishwa karibu na boma lao. Ilikuwa na minara ya chuma mirefu kuliko mti wowote, na nyaya nene zilizoning'inia kutoka mnara hadi mnara. Nyumba zao hazikuwa zimepata umeme bado. Ulipita juu kwa juu tu, kama ndege wasiotua.

Kabla laini haijawashwa, baba alichoka na uzio wa minyaa ambao ndama waliuvunja kila kukicha. Akanunua waya mtupu, akaunyosha chini ya laini ile, hatua kama mia nne, kutoka korongoni hadi njia ya shule. Baba alikuwa mtu wa kupenda kazi safi. Ili waya usikate nguzo, kila nguzo aliivisha kipande cha mpira wa tyubu ndipo akafunga waya juu yake. Majirani walipita wakasifu. "Luhende, huu si uzio, hii ni harusi!" Baba akacheka, halafu akawageukia watoto. "Nyie, mtu asipite katikati ya waya wangu. Kupita ni getini. Nikimwona mtu anaupinda, atanijua."

Siku laini ilipowashwa, nyaya za juu zilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Watoto walikwenda kusikiliza, wakazoea, wakaacha.

Juma lilelile bibi aligombana na Mwandu. Ng'ombe wa Mwandu waliingia kwenye kishamba chake cha maharage wakala mpaka majani. Bibi alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Utaona, Mwandu! Utaona!"

Mtu yeyote mwenye hasira husema hivyo. Hata mama alimwambia Minza "utaona" kila vyombo vilipolala bila kuoshwa. Lakini maneno yana miguu, na hayo yalikwenda yakakaa mahali yakasubiri.

*

Siku mbili baadaye mama alimpa Minza dumu la maziwa ampelekee mke wa Mwandu, ambaye alikuwa amejifungua. Asubuhi ilikuwa na umande mwingi. Minza alikuwa pekupeku, na geti lilikuwa mbali. Akatazama kulia, akatazama kushoto, baba hayupo. Akaushika waya auinue apite chini yake.

Kitu kilimpiga mkono mpaka begani. Alipiga ukelele, dumu likaruka, kifuniko kikafunguka, na maziwa yote yakanywewa na udongo. Mbali kidogo bibi alikuwa akianika khanga yake juu ya waya uleule. Aligeuka akamtazama.

"Nini, mjukuu wangu?"

Minza alikuwa akitazama ardhi nyeupe.

Mama alimkuta jikoni analia. Dumu tupu lilikuwa miguuni pake. Mama yake, Monika, hakuwa mkali kwa kila kitu, lakini maziwa ya mzazi hayakuwa mchezo. Alikuwa ameshavuta fimbo darini.

"Maziwa yako wapi?"

Minza angeweza kusema: nilipita katikati ya waya. Basi angechapwa na mama kwa maziwa, na jioni angechapwa na baba kwa waya. Mkono ulikuwa bado una ganzi. Mdomo ukatafuta njia nyingine, ukaipata.

"Bibi alinitazama," alisema. "Alinitazama, mkono ukafa ganzi, dumu likaanguka."

Fimbo ilisimama hewani.

"Alikutazama vipi?"

"Vibaya."

Mama aliirudisha fimbo darini taratibu. Siku hiyo Minza hakuchapwa. Alipewa hata uji wa moto, akaunywa wote.

*

Mama alimwambia mke wa Mwandu, akamwomba asimwambie mtu. Mke wa Mwandu alimwambia mumewe, akamwomba vilevile.

Juma lililofuata ndama wa Mwandu alijisugua kwenye waya. Watu walimwona akiruka juu kama aliyepigwa mkuki, akakimbia kichwa mbele hadi korongoni, akavunjika shingo. Mwandu alimlilia ndama yule kama mtu. Kisha akainua kichwa akaona, hatua kama thelathini kutoka pale, khanga ya bibi ikipepea juu ya waya.

Wanaume walikuja kuukagua uzio. Walitembea toka mwanzo hadi mwisho, macho juu. Waya haukugusa mnara. Haukugusa laini. Haukufungwa popote penye umeme. Wakaushika kwa mikono. Hakuna kitu.

"Ni waya tu," alisema baba.

Mama alisogea, naye akaugusa kwa kidole. Alipiga yowe akarudi nyuma akishika mkono.

"Unaniuma! Luhende, unaniuma!"

Watu wakatazamana. Ndipo bibi alipokuja akichechemea. Alitaka kuwatoa watu hofu, basi akaushika waya kwa mikono miwili, akaubana, hata akaning'inia kidogo.

"Mnaona? Hauna kitu huu." Akacheka kicheko chake kile cha mapengo.

Hakuna aliyecheka naye.

"Unamuuma Monika," Mwandu alisema polepole, kama anayehesabu. "Ulimuua ndama wangu. Minza naye hakuugusa kabisa, alitazamwa tu, mkono ukafa. Lakini wewe, mama mkubwa, haukuumi. Waya unamjua mwenye nao."

Kicheko cha bibi kilikatika. "Mwandu. Mimi nilikubeba mgongoni mama yako alipougua."

"Ndiyo. Na juzi uliniambia nitaona. Nimeona."

Minza alikuwa amesimama nyuma ya gauni la mama yake. Alisikia jina lake likitajwa, akaangalia vidole vya miguu yake.

Tangu siku hiyo bibi alikula peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na kila mtu alikuwa akilijua hilo, lakini sasa walianza kuyazungumzia macho yale kana kwamba yamekuwa mekundu jana. Watoto wa jirani waliokuwa wakija kunywa maziwa yake walikatazwa. Mtu mmoja alisema, "Lisemwalo lipo," na wenzake wakaitikia, "Kama halipo, laja." Baba alinyamaza. Alikuwa anaondoka na ng'ombe mapema na kurudi kwa kuchelewa, asimkute mama yake macho.

*

Shuleni, Mwalimu Marsela aliingia darasani na betri ya gari, taa ya pikipiki, waya mrefu, na boksi dogo lenye kioo na sindano ndani yake. Aliulaza waya mezani, akaunganisha betri na taa. Taa ikawaka.

"Umeme unapita kwenye waya huu. Mnaona?"

"Tunaona, Mwalimu."

Kisha akachukua waya mwembamba uliozungushwa mara mamia, aliouchomoa kwenye mota mbovu, akauunganisha na lile boksi la sindano. "Huu haujafungwa kwenye betri. Haugusi kitu. Angalieni sindano."

Alipousogeza haraka karibu na waya wa mezani, sindano ikaruka. Alipoutuliza palepale, sindano ikalala. Alipouondoa, ikaruka upande mwingine.

"Mwalimu, sindano ina kwikwi!" alisema Gaspar, na darasa zima likacheka.

"Ina kwikwi, Gaspar, lakini ni nani anayeipa kwikwi? Sikilizeni. Waya wenye umeme huzungukwa na nguvu isiyoonekana, nguvu ya sumaku. Waya mwingine ukisogea ndani ya nguvu hiyo, umeme unazaliwa ndani yake. Haukuguswa, lakini umepata umeme. Ukitulia, umeme hakuna. Kinachouzaa ni mwendo."

Minza alinyoosha mkono kabla hajajijua. "Mwalimu, na waya uliofungwa kwenye nguzo? Hauwezi kusogea."

Mwalimu Marsela alimtazama kwa furaha, kwa sababu Minza alikuwa hajauliza swali majuma mawili. "Vizuri sana. Ama waya usogee, ama umeme wenyewe uwe haujatulia. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu, kama maji ya mfereji. Umeme wa ile laini kubwa huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara hamsini kila sekunde. Na nguvu inayouzunguka huyumba nao. Kwa waya ulio jirani ni kama vile mtu anausogeza mbele na nyuma bila kupumzika."

Darasa liliendelea kuongea. Minza hakusikia tena. Aliona uzio wa baba ukinyooka chini ya laini, hatua mia nne, na kila nguzo imevaa mpira kwa hiyo umeme hauna pa kushukia. Aliona miguu ya wanaume: katambuga, viatu vya matairi ya gari. Aliona miguu ya mama, mitupu. Na miguu ya bibi? Bibi alikuwa na magaga makubwa yaliyopasuka hadi damu, basi mwanamke pekee katika kaya yao aliyevaa katambuga alikuwa bibi.

Alipaswa kukimbia nyumbani siku ileile. Lakini kila alipofikiria kusema, alikutana na neno lake mwenyewe limekaa mlangoni: vibaya. Wangeuliza, na wewe je, uliyetazamwa tu? Akanyamaza siku ya kwanza. Akanyamaza ya pili. Uongo ni kama mzigo wa kuni. Kadiri unavyokawia kuutua, ndivyo shingo inavyozidi kukakamaa.

Siku ya tatu, jioni, walikuwa wanakula waliposikia kishindo kwa bibi, kisha sauti yake. Mama alikimbia na tochi, Minza nyuma yake. Bibi alikuwa sakafuni amejishika paji la uso, na damu ilikuwa inapita kati ya vidole. Jiwe lililopita dirishani lilikuwa pembeni, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga.

Baba alisimama mlangoni, panga mkononi. "Nani? Nani amefanya hivi?"

"Usimtafute," bibi alisema. "Ukimtafuta utamjua."

Asubuhi yake Mwandu alipita uwanjani bila salamu. Alisema kwa sauti ili wote wasikie: "Jumapili jioni isimkute hapa. Ikimkuta, mimi simo." Bibi alianza kufunga nguo zake kwenye khanga. Nguo zilikuwa chache, lakini alizifunga na kuzifungua siku nzima, kwa sababu hakuwa na mahali pa kwenda. Huko Shinyanga watu wake walikwisha.

Ilikuwa Jumamosi. Minza alikimbia pekupeku hadi nyumbani kwa Mwalimu Marsela, akamkuta anafua, akamwambia yote. Yote kabisa, na lile neno pia.

Mwalimu alikausha mikono kwenye khanga yake. Hakumgombeza. Alisema, "Ya umeme nitayaeleza mimi, na nitakuja na fundi. Hilo lingine, Minza, siwezi kukubebea. Hilo ni lako."

*

Jumapili baada ya misa, uwanja ulijaa. Mwenyekiti wa kijiji, Ponsian, aliketi kwenye kiti cha plastiki. Bibi alikaa chini peke yake, kitambaa kichwani, furushi lake pembeni. Mwalimu Marsela alikuja na Salvatori, fundi umeme wa mjini, ambaye aliutazama uzio mara moja tu akashika kichwa.

"Mzee Luhende, nani alikuruhusu kunyoosha waya chini ya laini hii?"

"Nilidhani hapa hapana mtu."

"Hapa pana umeme mkubwa kuliko unavyodhani. Watu wote rudini nyuma. Asiguse mtu!"

Alivaa glovu, akachomeka chuma ardhini, akatoa kipimo chake na kugusisha upande mmoja kwenye chuma, wa pili kwenye waya. Namba zikapanda. Watu wakanong'ona. Mwalimu akaeleza yale ya darasani, kwa maneno mepesi, akionyesha kwa mikono umeme unavyokwenda na kurudi. Akaeleza mpira wa tyubu. Akaeleza katambuga.

"Sindano za shuleni hizo," Mwandu alisema. "Mimi nimeushika waya huu kwa mikono yangu. Haukuniuma."

"Kwa sababu ya viatu vyako, kaka."

"Viatu!" Mwandu akacheka kwa dharau. Kabla fundi hajamzuia alivivua, akakanyaga majani mabichi, akaushika waya.

Alirushwa akaketi chini. Alikaa pale, mdomo wazi, akitazama kiganja chake. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Nilisema asiguse mtu!" Salvatori alifoka. "Unataka kufa?" Akachukua kipande cha waya mnene, akauunganisha uzio na kile chuma kilichochomekwa ardhini. Akapima tena. Namba zilishuka karibu na sifuri. "Sasa umepata pa kushukia. Lakini leo hiihii tunauondoa wote. Chini ya laini hapajengwi, hapawekwi uzio, hapaanikwi nguo."

Mwenyekiti Ponsian aliinuka. "Basi, nadhani tumeona. Bibi huyu hana kosa."

Watu walianza kupumua. Baba alipiga hatua kuelekea kwa mama yake. Lakini Mwandu alinyanyuka, akakung'uta majani, na sauti yake ilikuwa ya chini sasa, sauti ya mtu anayetamani kuaminiwa.

"Ya waya nimekubali. Ndama wangu nimekubali. Lakini mtoto? Minza hakuugusa waya. Alisema mwenyewe. Alitazamwa tu, mkono ukafa. Hilo nalo ni umeme?"

Mwenyekiti alimtazama mwalimu. Mwalimu Marsela alikuwa na jibu, lakini alifunga mdomo, akamtazama Minza.

Minza alihisi macho yote ngozini. Alimtazama mama, mkono wa mama uliozoea fimbo. Mama aliyaona macho yale. Aliona yanakoelekea, akaelewa kitu, na uso wake ukabadilika. Alipiga magoti mbele ya binti yake, mbele ya watu wote, akamshika mabega.

"Mwanangu, siku ile nilikuuliza fimbo ikiwa mkononi. Nilikosea. Mtoto anayeogopa husema neno la kumwokoa yeye, lakini neno likishatoka halichagui wa kumwangukia. Leo sina fimbo. Na nikikuchapa kwa kusema kweli, basi mimi ndiye nitakuwa nimekufundisha uongo. Sema, mama. Bibi yako anakusikiliza."

Bibi Nyanzala aliinua kichwa chake chenye kitambaa. Alisubiri tu, mkono juu ya furushi.

Minza alivuta pumzi.

"Niliugusa waya," alisema.